Mtoto akikojoa damu msiseme "anakua": kichocho, UTI, figo, na lini usingoje kesho

#1 BwanaHadubini

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kutazama mikojo ya watu hapa Pemba. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya maneno mawili ninayoyasikia dirishani kila msimu wa mpunga. La kwanza linatoka kwa wazazi: "Kijana anakojoa damu, lakini ana miaka kumi na moja, si ndo ukubwa unamuingia?" La pili linatoka kwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu: "Nipe tu ile dawa ya kichocho nende zangu, kupima kwa nini na ugonjwa naujua?" Mmoja anaona si ugonjwa, mwengine keshajitibu kichwani kabla hajafika. Wote wawili wanaondoka bila mkojo wao kupimwa.

Nianze na kichocho, kwa kuwa hapa kwetu ndicho kinachoshukiwa mwanzo. Tulichonacho Unguja na Pemba ni kile cha njia ya mkojo. Kile cha matumbo, kinachowasumbua sana ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa kule Bara, ni cha mnyoo mwengine. Wa kwetu, dume na jike, wanaishi ndani ya mishipa midogo ya damu iliyozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani, mayai yakajipenyeza mpaka ndani ya kibofu, na njiani humo damu inatoka. Sasa lisilojulikana na wengi ni hili: mayai mengi, karibu nusu, hayatoki. Yanakwama kwenye nyama ya kibofu na viungo vya jirani, mwili unapambana nayo, panavimba, baadaye panakuwa kovu. Mnyoo mwenyewe hana makelele. Ugonjwa ni hayo mayai. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewaona minyoo hawa Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana baadhi ya wazee bado wanaita bilhazia.

Yai likitoka na mkojo likaangukia maji baridi, iwe ziwa, mto au bonde la mpunga, linaanguliwa. Kijidudu kinamtafuta konokono wa aina maalumu, kinakaa mwilini mwake wiki kadhaa na kuzaliana, kisha konokono mmoja anaachia maelfu ya vijidudu vyengine majini, hasa jua likiwa kali. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi. Kidonda hakihitajiki, na dakika chache ndani ya maji zinatosha. Baharini hakuna kichocho, wavuvi na waoga pwani tulizeni roho.

Dalili yake mashuhuri ni damu mwisho wa mkojo. Mkojo unaanza wa kawaida, matone ya mwisho yanakuja mekundu. Kunakuwa na kuungua, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na maumivu chini ya kitovu. Lakini wapo ambao damu yao haionekani kwa macho, mpaka tuitafute kwa kijiti cha kupimia mkojo au hadubini. Mtoto wa namna hiyo utamuona anachoka upesi na damu yake iko chini, watu wanasema mvivu.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua. Matabibu waliomo humu wasaidie kwenye tiba, mie wangu ni mkojo.

#2 KarafuuKavu

Yakhe, mnatutisha. Sie wavulana wa kijijini kwetu tumekojoa damu sote. Tulikuwa tukishindana nani wake mwekundu zaidi. Wazee wetu wakasema ndo uanaume unaingia, na uanaume umeingia kweli, tumeoa, tumezaa, leo tuna wajukuu. Hakuna aliyetupima wala kututisha.

#3 Chanjaani

Mzee Karafuu kaingia na mguu mbaya 😂

#4 BwanaHadubini

Mzee wangu KarafuuKavu, heshima yako. Lakini nikuulize swali moja. Kama damu ni ukubwa unaingia, mbona watoto wa Makunduchi na Paje hawakojoi damu? Kusini Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe, maji ya mvua yanazama, hayatuami yakafanya maziwa na mabonde kama ya kwetu, na yule konokono hayupo. Vijana wa huko wanabaleghe kama kawaida, ndevu zinaota, wanaoa. Damu hawaioni, labda kwa aliyekuja kukaa kwa jamaa zake huku au kaskazini.

Mlikojoa damu nyote kwa sababu mlioga ziwa moja.

Na ni kweli, wengi wanapona au ugonjwa unatulia wenyewe wakiacha kuingia majini na minyoo ikafa kwa miaka. Mimi nazungumzia wale wasiopona. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo inabanwa na kovu, mkojo unarudi juu, figo linajaa maji, tena bila maumivu yoyote ya kumwambia mtu kuna tatizo. Kibofu kinakuwa kigumu. Na ipo saratani ya kibofu. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani) limemuorodhesha mnyoo huyu mwaka 1994 kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Haya hayatokei ukiwa na miaka kumi na moja. Yanakuja ukiwa na wajukuu.

#5 MwalimuWaZamu

Naunga mkono. Nimesimamia ugawaji wa dawa skuli tangu nilipoanza kazi. Mtoto anasimamishwa kwenye kipimo cha kimo, urefu wake unasema vidonge vingapi, anameza mbele yako. Jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: mleteni mtoto akiwa AMEKULA. Dawa ile (prazikwanteli) ni chungu na ikikuta tumbo tupu inampa kichefuchefu, tumbo linakoroga, kichwa kinamuuma. Akitapika mmoja darasani, jioni kijiji kizima kinasema dawa ina sumu, kesho yake nusu ya darasa haliji.

Wengine watakumbuka ule mradi mkubwa wa kutokomeza kichocho, wa kuanzia 2012 hadi 2017. Shehia 90 (maeneo madogo ya utawala) zilifuatiliwa, 45 Unguja na 45 Pemba. Dawa ilikuwa inatolewa mara mbili kwa mwaka, skuli na majumbani. Kwenye baadhi ya shehia konokono walipigwa dawa majini, na kwengine watu walielimishwa, vikajengwa vyoo vya kukojolea wavulana na makaro ya kufulia ili akina mama wasishuke mtoni. Kichocho kilishuka sana, yeyote aliyekuwa mwalimu miaka ya nyuma anaiona tofauti. Tatizo langu ni kwamba kimeshuka mpaka watu wamekisahau, na maziwa yale yale bado yapo na watoto bado wanaruka ndani yake baada ya chuo cha Kurani.

#6 Mpwani76

Kwa wenye shida hiyo nina mzizi, unachemsha siku saba, mkojo unakuwa mweupe kama maji ya mvua. Inbox kwa bei. Nina picha za kabla na baada.

#7 Chanjaani

Picha za kabla ni mkojo au juisi ya rozela?

#8 BwanaHadubini

Mpwani76, mkojo unaweza kuwa mweupe wiki ijayo bila mzizi wala dawa, kwa sababu damu ya kichocho inakuja na kuondoka. Niletee mkojo wa mtu wako kabla ya mzizi na baada, niuchuje na kuhesabu mayai. Nitafanya bure. Mpaka hapo usiuze humu.

#9 BintiBonde

Nimesita sana kuandika. Mimi ni mwanamke, nimekulia Pemba kijijini, utotoni nimepanda mpunga na mama bondeni kila mwaka. Baada ya kuolewa nikaanza kupata uchafu usio wa kawaida, maumivu chini ya kitovu, na damu kila baada ya kuwa na mume wangu. Nilikwenda kituo fulani, sitokitaja, nikaambiwa ni zinaa, nikapewa dawa. Haikupoa, nikarudi, zinaa tena, na safari hii nikaambiwa nimlete mume. Kapimwa, hana kitu. Sasa nyinyi fikirieni mazungumzo ya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwisho dakta mmoja mwanamke aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ulikuwa ukioga wapi ulipokuwa mdogo?" Nikamwambia. Akanichunguza kwa kuniangalia ndani, akasema ni kichocho cha miaka mingi, mayai yamekaa kwenye mlango wa kizazi. Sikuwahi kukojoa damu tangu utoto. Nawaambia wanawake wenzangu tu.

#10 MamaWatatu

Ya Rabi. Pole mdogo wangu. Na mumeo je, alielewa?

#11 BintiBonde

Alielewa baada ya dakta kumwita na kumueleza yeye mwenyewe uso kwa uso. Kwa mdomo wangu peke yangu asingeelewa.

#12 BwanaHadubini

Ahsante sana dada, hili lako ni zito kuliko yote niliyoandika.

Wanawake someni hapa. Mayai ya kichocho yanaweza kukwama kwenye uke, mlango wa kizazi, hata mirija ya uzazi. Dalili zake ni hizo alizozitaja: uchafu, kuwashwa, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, na kwa wengine ugumu wa kushika mimba. Kichocho HAKIAMBUKIZWI kwa tendo la ndoa. Hakipiti kwa mume kwenda kwa mke wala kinyume chake. Kinatoka kwenye maji.

Ubaya wa aina hii ni kwamba mkojo unaweza kuwa safi kabisa. Mie naweza kuandika "hakuna mayai yaliyoonekana", nikawa sikukosea, na ugonjwa upo. Anayeweza kuuona ni tabibu anayeangalia mlango wa kizazi akakuta madoa kama ya punje za mchanga, au mishipa isiyo ya kawaida. Kwa hiyo mwambieni mtoa huduma bila kuulizwa: nimekulia sehemu fulani, nilikuwa nikiingia bondeni. Na msiruke vipimo vyengine kwa kuamini ni kichocho tu. Damu baada ya tendo la ndoa inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi au maambukizi mengine, na vidonda vya kichocho vinahusishwa na urahisi wa kupata VVU. Vyote vipimwe.

Kwa wanaume: damu kwenye manii, au maumivu ya kinena yasiyoeleweka, kwa mtu aliyekulia kwenye maji haya, nayo ni sababu ya kupimwa.

#13 MamaWatatu

Samahani natoka kidogo kwenye kichocho. Mwanangu ana miaka saba, tunakaa mjini Unguja, bondeni hajawahi kuingia. Tangu juzi mkojo wake uko kama chai ya rangi, na asubuhi akiamka uso umevimba, macho yamekuwa madogo. Mchana unapungua. Homa hana. Wiki chache nyuma alikuwa na mapele miguuni yaliyotunga usaha, yakakauka wenyewe. Leo ni Jumamosi, naweza kungoja Jumatatu nimpeleke kituoni? Mama mkwe anasema ni chumvi na aache samaki wa kukaanga.

#14 Tabibu_Mkoani

Mama, usingoje Jumatatu. Mpeleke leo, hospitali yenye kulaza watoto, hata kama anacheza.

Hiyo ulioieleza, mkojo wa rangi ya chai, uso kuvimba asubuhi, mapele au koo lililouma wiki chache kabla, ni picha ya figo kuvimba. Vijidudu vya kwenye mapele vinaufanya mwili utengeneze kinga, na kinga hiyo hiyo inaenda kuumiza vichujio vya figo. Watoto wengi wanapona vizuri, lakini njiani kuna hatari: presha ya mtoto inaweza kupanda sana, akapata degedege, au maji yakajaa mapafuni. Presha hiyo wewe huioni kwa macho, lazima ipimwe. Mwambie dakta habari ya mapele, usisahau.

Akilalamika kichwa kinauma sana, akitapika, akaona ukungu, akapumua kwa shida, au mkojo ukawa kidogo mno, basi si leo, ni sasa hivi, tafuta gari. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, zinaumiza figo. Chumvi mpunguzie kweli, mama mkwe hapo kasema sawa. Asichokijua ni kwamba haitoshi.

#15 MamaWatatu

Tumelazwa. Presha ilikuwa juu. Dakta kauliza mapele hata kabla sijamaliza kusema. Nitarudi nikipata nafasi, ahsante sana Tabibu, Mungu akulipe.

#16 Tabibu_Mkoani

Allah amponye. Watu wengine wawachungulie watoto wenu mapele, msiseme yatakauka. Pele lenye usaha linatibiwa.

Nikiwa hapa nimsaidie BwanaHadubini, maana mtu akisoma uzi huu anaweza kudhani mkojo mwekundu ni kichocho na figo basi.

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ndiyo tunayoiona sana, zaidi kwa wanawake. Kuungua, kwenda chooni kila mara halafu vinatoka vijitone, mkojo wenye harufu na ukungu, na mara nyengine damu. Ikiwa chini kwenye kibofu inasumbua lakini haiui. Ikipanda kwenye figo inabadilika sura: homa kali, kutetemeka, maumivu ya ubavuni upande mmoja, kutapika. Huyo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, na akiwa mjamzito nasema hivyo mara mbili, kwa sababu anaweza kuanza uchungu kabla ya wakati. Mtoto mchanga mwenye UTI hawezi kukwambia anaungua. Utaona homa tu, hataki kunyonya, anatapika. Ndiyo maana mtoto mwenye homa isiyo na sababu tunampima mkojo pia, mzazi asishangae.

Jiwe kwenye figo linajulikana kwa maumivu yake. Yanaanza ubavuni yanashuka kinenani, yanakuja kwa mawimbi, mtu hawezi kukaa wala kulala, anazunguka chumba. Kwa wenye sikoseli damu kwenye mkojo inaweza kutoka kwenye figo lenyewe, hao wasikae nyumbani. Halafu mtu mwenye homa na macho ya manjano na mkojo mweusi kama kahawa: malaria kali ni moja ya mambo tunayoyahofia. Malaria hapa visiwani imeshuka sana lakini haijaondoka, zaidi kwa aliyetoka Bara karibuni. Huyo ni wa dharura.

Na kuna mwekundu usio na neno. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini mkojo wake unakuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu, tunamwambia mapema lakini wanasahau wanakuja mbio. Kiazi chekundu cha saladi (bitiruti) nacho. Msichana anayeanza hedhi anaweza kudhani damu imetoka kwenye mkojo. Ukiwa na shaka, upimwe. Kijiti kinaonyesha damu kwa dakika moja mbili.

#17 Kisiwandui_Kijana

Tabibu na BwanaHadubini, nina ami yangu wa Pemba, umri kama miaka 58, mvutaji sigara. Anakojoa damu, haimuumi popote. Alikwenda dukani akanunua dawa ya kichocho akameza, damu ikakata, tukafurahi. Sasa imerudi na imetoka na vibonge vya damu. Yeye anasema dozi ilikuwa ndogo, anataka aongeze. Tumuongezee?

#18 BwanaHadubini

Huyu ndiye mtu wangu wa pili niliyemtaja mwanzo. Usimuongezee.

Kwa mtoto wa bondeni, kichocho ndicho unachokifikiria kwanza. Kwa mtu wa miaka hamsini na zaidi anayekojoa damu bila maumivu, la kwanza la kuondoa ni saratani ya kibofu, halafu figo na tezi dume. Huyo wenu ana sababu mbili juu yake, sigara na pengine kichocho cha ujana. Na damu ya saratani ina tabia ya kukata yenyewe kwa wiki hata miezi. Inakuja, inakata, mtu anasema nimepona, inarudi. Ilikata kwa wakati wake, na dawa ikapewa sifa.

#19 Tabibu_Mkoani

Sahihi kabisa. Ami apelekwe hospitali kubwa kwa daktari wa njia ya mkojo. Apimwe mkojo na damu, apigwe altrasaundi ya figo na kibofu, na kuna kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Hicho ndicho kinachomaliza ubishi. Uvimbe wa kibofu ukiwahiwa ukiwa juu juu unaweza kukwanguliwa kwa njia hiyo hiyo. Ukichelewa habari yake ni nyengine.

Vibonge ni tatizo la haraka. Vikiziba njia, mkojo hautoki, tumbo la chini linajaa na kuuma vibaya. Mtu ambaye hajakojoa kabisa na tumbo limejaa haongezewi maji wala haogeshwi maji ya moto, anapelekwa akawekewe mpira wa kutolea mkojo, iwe usiku iwe mchana.

#20 Kisiwandui_Kijana

Nimempigia. Kakasirika, kasema nimemuombea saratani. Naja na boti Ijumaa nimchukue mwenyewe nimpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, nitamwambia ni macho anakwenda kupimwa kama ikibidi.

#21 Chanjaani

Usimdanganye ami yako yakhe, atajua tu wakimwambia vua suruali.

#22 MwalimuWaZamu

😂😂 Haya. BwanaHadubini, nina swali la kazi. Tukileta watoto kupima, wengine mnasema hamuoni kitu na mtoto damu kaiona mwenyewe. Kwa nini?

#23 BwanaHadubini

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye saa. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Nyinyi mnaniletea mkojo wa alfajiri kwenye chupa, kwa sababu mmezoea kuambiwa mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Huo ni mzuri kwa mambo mengine. Kwa kichocho nataka wa mchana, na mtoto akikimbia kidogo au akipanda ngazi kabla ndiyo bora. Nataka ule wa MWISHO, matone ya kumalizia, usimwage hayo ukaniletea ya mwanzo. Chombo kiwe kisafi, mkatoe pale pale maabara mkiweza. Chupa ya soda yenye sukari chini ni kunitafutia kazi.

Halafu kijiti na hadubini ni vitu viwili. Kijiti kinasema "kuna damu", hakisemi damu ya nini. Kwenye shehia yenye kichocho kingi, kijiti kikionyesha damu kwa mtoto wa skuli kinatosha kushuku sana. Lakini kadiri kichocho kinavyopungua hapa kwetu, ndivyo kijiti peke yake kinavyozidi kutudanganya. Ukiambiwa una kichocho kwa kijiti tu, uliza kama mayai yametafutwa.

Na rudini baada ya dawa. Prazikwanteli inaua minyoo wazima, wachanga inawaacha. Aliyeingia majini wiki chache kabla ya dawa anaweza kukojoa damu tena ilhali dawa alikunywa kweli. Dakta atapanga dozi ya kurudia. Na dawa haikingi chochote: ukimeza Jumatatu ukaoga ziwani Jumanne, umeanza upya.

#24 Ukhty_Vitongoji

Nina mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu, wote tunaingia bondeni kwa mama. Siku ya dawa kijijini tuliachwa wote wawili. Ni sawa?

#25 Tabibu_Mkoani

Dada, muongozo wa WHO wa 2022 unaruhusu dawa kwa watoto kuanzia miaka miwili, na kwa wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na wanaonyonyesha pia. Siku za ugawaji vijijini wanaweza kuwa na utaratibu wao wa umri, lakini wewe ukiwa na dalili nenda kliniki, waambie, mpimwe na kutibiwa kama wagonjwa. Kwa mtoto mdogo vidonge vile vikubwa na vichungu ni kazi, vinasagwa na kupimwa kwa uzito wake. Usimkatie nyumbani kwa kukisia. Ipo dawa mpya iliyotengenezwa kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, inayeyuka majini, WHO iliipitisha 2024. Waulize kama imefika kwenu.

#26 KarafuuKavu

Nimesoma yote. Sawa, ukubwa hautoi damu, hoja ya Makunduchi imenishika. Lakini nyinyi wa maabara mnakaa kitini. Sie mpunga unataka miguu majini, haulimwi kwa barua. Mabuti marefu yananasa kwenye tope na bei yake nani anaiweza? Niambie la kufanya mtu kama mimi, si la kwenye bango.

#27 BwanaHadubini

Mzee wangu, bonde siwezi kukutoa. Nakupa yaliyo ndani ya uwezo wako.

Mkojo wako na wa vijana wako usiingie majini. Konokono hazaliwi na kichocho, sisi ndio tunaompa. Kojoeni mbali na maji, na hili ndilo la bure kuliko yote. Watoto wasikae bondeni mchana kutwa kwa kuchezea tu, aliye na kazi aingie, asiye na kazi atoke. Jua la kati ya asubuhi na alasiri ndilo lenye vijidudu vingi, ingawa saa nyengine nazo si salama. Maji ya kuoga mkiyateka ziwani, yaacheni kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuyatumia, vijidudu vinakufa. Mkiwa na haraka yachemsheni. Angalieni tu msiteke na konokono. Watu wanasifu kujifuta haraka kwa kanga, mie sitegemei jambo hilo, vijidudu vinapenya upesi.

Na kwa kuwa miguu yako itaingia kila mwaka, dawa ikipita shehiani umeze kila ikipita, usiwaachie watoto wa skuli peke yao. Wewe mwenyewe, kwa umri wako na historia yako ya mashindano, nataka mkojo wako mara moja na altrasaundi ya kibofu na figo mara moja. Njoo Jumatano baada ya saa nne.

#28 KarafuuKavu

Jumatano siwezi, kuna maziko. Alkhamisi.

#29 BwanaHadubini

Alkhamisi nipo. Usikojoe nyumbani kabla ya kutoka.